Kipaa cha Mama Kalekye

Mwalimu Njogu alikuwa mtu wa rula. Alifundisha hesabu katika shule moja ya upili mjini Kajiado, na tangu aanze kujenga nyumba yake Kitengela hapakupigwa msumari pale bila yeye kuuchorea kwanza kwenye karatasi ya miraba. Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule, jiko na chumba kimoja cha kulala. Vyumba vingine vingekuja juu, ndani ya paa, na ndiyo maana paa lilikuwa refu la kuchongoka, hata wapita njia wakadhani ni ghorofa. Ukweli ni kwamba ndani ya paa lile hapakuwa na kitu ila kenchi tupu, zile mbao zinazobeba mabati, pamoja na vumbi na viota vya nyigu. Njogu alisema angepatengeneza baadaye, na hiyo baadaye ilikuwa imetimiza miaka tisa.

Kisha Mwelu, mkewe, akapata mimba. Haikuwa ya kwanza. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na baada ya ile ya pili Mwelu aliacha hata kupita mbele ya maduka ya nguo za watoto. Safari hii daktari hakutaka mchezo. Alimwambia alale kitandani mpaka siku ya kujifungua, asiinue hata sufuria.

"Na usiku asikae peke yake," aliongeza, akimtazama Njogu juu ya miwani. "Hata usiku mmoja."

Hapo ndipo maji yalipomfika Njogu shingoni. Shule yake ilikuwa ya bweni, na wiki mbili kila mwezi alikuwa na zamu ya kulala huko Kajiado. Mama yake mwenyewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mtu wa kukaa na Mwelu alikuwa mmoja tu duniani, naye ni mama mzazi wa Mwelu, Kalekye, mjane wa miaka sitini na miwili aliyelima mahindi na nyanya kule Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania. Nguvu alikuwa nazo. Upendo alikuwa nao wa kugawa. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba hakuwahi kulala kwa binti yake.

Miaka tisa yote alikuwa akija. Angefika asubuhi na basi la kwanza, ndizi na maharagwe kwenye gunia, apike, afue, acheke na Mwelu jikoni mpaka machozi yawatoke. Ikifika saa tisa alasiri angejifunga leso na kutafuta viatu. Angelala kwa dada mmoja wa kanisani Kajiado, na kesho yake arudi Rombo. Wakimsihi alale, jibu lilikuwa lile lile siku zote.

"Nyumba yenu ni ndogo. Nitawabana."

Basi Njogu, mtu wa hesabu, akaona jawabu waziwazi. Ukitoa udogo wa nyumba, mama anabaki. Alikaa siku mbili na karatasi yake ya miraba akachora chumba ndani ya paa, na ngazi ya mbao ya kukipandia kutoka kwenye kijia cha ndani, pale pale nje ya mlango wa chumba chao cha kulala. Kitanda alikichora katikati, penye urefu wa kutosha kusimama. Alipomwonyesha Mwelu, Mwelu alilia kwa furaha, na Njogu akajiona mwanamume.

Fundi aliyepatikana aliitwa Mulinge. Alikuwa Mkamba wa Machakos aliyehamia Kitengela zamani, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, penseli sikioni. Sijui kama umewahi kujenga. Kama umewahi, unajua kwamba fundi wa kawaida ana neno moja. Ukimwonyesha ukuta umepinda, hakuna shida. Ukimwambia mlango haufungi, hakuna shida, boss. Mulinge hakuwa na neno hilo. Njogu alipomkabidhi mchoro wake, aliutazama kwa heshima, akaukunja na kuuweka mfukoni, akapanda juu kupitia kitundu cha darini. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kitengela likitwanga mabati. Akakaa huko saa nzima. Njogu alidhani amezimia.

Aliposhuka alikuwa ameloa jasho mpaka mshipi.

"Shida iko," akasema, na ungedhani anatangaza harusi.

"Shida gani, fundi?"

"Hapa mtu ataiva. Hii moto lazima tuitafutie njia ya kutoka. Na hizi mbao za dari ziliwekwa kubeba dari, si kubeba mtu. Ukizikanyaga, utashukia kwa sahani ya mtu sebuleni."

Njogu hakuwa amepiga hesabu hiyo. Kimoyomoyo alianza kumpenda yule mzee siku ile ile.

Kazi ilianza, na kwa wiki tatu, mwalimu mwenzake akimshikia zamu ya mwezi ule, Njogu alikuwa akirudi kutoka Kajiado mbio kama mtu anayefuatilia mechi. Mulinge alifungua mianya chini ya ukingo wa paa na mwingine kileleni, hewa ikaingia chini na kutokea juu. Chini ya mabati alitandaza karatasi nene inayong'aa upande mmoja, halafu mabodi mepesi meupe kama yale yanayofungiwa televisheni dukani. Njogu alipandisha kipimajoto cha maabara ya shule mchana mmoja akakuta joto limeshuka nyuzi kumi na moja. Aliandika namba hiyo kwenye kiganja ili aende kuwasimulia walimu wenzake.

Lakini kilichomtoa jasho la mshangao kilikuwa sakafu. Mulinge hakuzigusa zile mbao za dari. Alileta boriti mpya, pana, akazilaza kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja ikipita kati ya mbao mbili za zamani bila kuzigusa hata kwa unywele. Juu ya boriti akapigilia mbao za saiprasi zilizochongwa ulimi na mfereji, zikashikana mpaka huoni pa kuingiza wembe. Jioni moja Njogu alikuwa ameketi kitandani karibu na Mwelu, akimmenyea chungwa. Palikuwa kimya.

"Fundi ameenda?" Mwelu akauliza.

"Sidhani. Fundi!" Njogu akaita. "Uko?"

"Niko juu yenu," sauti ikajibu kutoka darini. "Natembea. Mnanisikia?"

Hawakuwa wamesikia hatua hata moja. Mwelu alicheka mpaka akashika tumbo, na Njogu, ambaye hakuwa amemsikia mkewe akicheka kwa mwezi mzima, alitamani kupanda juu akamkumbatie yule mzee.

Kesho yake, Jumamosi, Mulinge alipanua kitundu cha dari pale kijiani ili aanze kufunga ngazi. Alikuwa ameshakata upande mmoja. Njogu alikuwa amemshikia mbao, akiongea kwa raha.

"Mwalimu," Mulinge akasema, msumeno mkononi, "sijakuuliza. Hapa ni nani atalala?"

"Mama mkwe."

Msumeno ukasimama.

"Mama ya Mwelu?"

"Huyo huyo. Anatoka Rombo. Anakuja kukaa na sisi."

Mulinge alishuka polepole, akauweka msumeno chini, akaketi juu ya rundo la mbao. Alitoa ule mchoro mfukoni, akaukunjua gotini.

"Mwelu ni Mkamba," akasema. "Kwa hivyo mama ni Mkamba."

"Ndio. Si kama wewe tu?"

"Sasa nielewe vizuri. Huyu mama atapita mbele ya mlango yako ya kulala, wewe ukiwa ndani na shuka. Halafu apande. Halafu alale hapa." Alitia kidole kwenye kile kitanda kilichochorwa katikati ya karatasi. "Na hapa chini yake ni nini, mwalimu?"

Njogu alitazama. Alikuwa amepiga kila kipimo mara tatu, lakini hilo hakuwa amejiuliza. Chini ya kile kitanda, inchi kwa inchi, palikuwa na kitanda chake yeye na Mwelu.

Akaketi kando yake juu ya mbao.

"Kwetu kuna kitu inaitwa nthoni," Mulinge akasema, sasa kwa upole. "Ni heshima na haya, pamoja. Mama hakai karibu na mume wa msichana wake. Hamshiki mkono. Hamwiti jina. Kulala chini ya paa moja naye, hiyo hata usimwambie. Vijana wa siku hizi wameacha. Lakini mama wa miaka sitini? Niambie, ameshawahi kulala hapa?"

Njogu akatikisa kichwa. Alikuwa anawaona wale mama wote wa miaka tisa, wote mtu mmoja, wakijifunga leso saa tisa alasiri. Alikumbuka jinsi Kalekye alivyokuwa akimsalimia akiwa ameelekeza uso upande. Alikumbuka kwamba akitaka kumwambia kitu alimwambia Mwelu, hata kama Njogu ameketi hapo hapo kwenye kochi. Alikuwa akidhani mama ni mtu wa aibu tu. Wakati mwingine, na hili lilimchoma, alidhani hampendi kwa sababu ni Mkikuyu.

Aliingia chumbani akamweleza Mwelu. Mwelu alikuwa amezaliwa Magadi, katika nyumba za kampuni ya kuchimba magadi ambako baba yake alifanya kazi. Kule majirani walitoka kila kona ya Kenya, na joto lilikuwa likiwatoa watu nje kulala uani bila kujali nani ni mkwe wa nani. Kwa hiyo alikuwa amelisikia neno nthoni kama unavyosikia habari za babu usiyemjua.

"Si mama ni wa kanisa?" akasema. "Nilidhani hayo waliacha." Halafu akajiinua kwa kiwiko. "Tumemwambia kila mwaka alale. Kila mwaka tunamwambia, na yeye anatafuta njia ya kutukatalia bila kutuaibisha. Nyumba ni ndogo! Njogu, sasa tumemjengea nyumba kubwa. Atasema nini?"

Alimpigia simu mama yake hapo hapo. Kalekye alikwisha kusikia habari za daktari, na hakupoteza muda.

"Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Nimeuliza mtu wa kanisa. Kuna chumba za kukodisha upande ile ingine ya barabara. Mchana nitakuwa kwako. Jioni naenda."

"Na usiku, mama?"



"Usiku tutaomba," Kalekye akasema.

Njogu alisikia yote. Vyumba hivyo vilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu, na barabara ya Namanga ikiwa katikati. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa amekufa moyo. Zamu yake ilianza baada ya siku kumi na moja. Aliona usiku kumi na nne, Mwelu peke yake na tumbo lake, na hakuogopa kitu maishani mwake kama alivyoogopa hesabu hiyo.

Alipotoka nje alimkuta Mulinge amekwisha kuziba kile kitundu alichokikata, kwa ubao mara mbili. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyuma, upande wa mashariki, mikono kiunoni, akitazama juu.

"Hii shimo nimekata ni makosa yangu," akasema. "Fundi huuliza nani atalala kabla hajashika msumeno. Nipe siku saba, mwalimu. Na usichore kitu."

Sasa nikuambie siku hizo saba zilivyokuwa, maana Njogu anazisimulia mpaka leo kama mtu aliyeona muujiza kwa macho yake mawili. Mulinge alianza kwa kuchimba. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, na ukisimamisha kitu juu yake, mwaka ujao utakikuta kimeinama kumsalimia jirani. Alichimba mashimo manne mpaka yakammeza hadi kwapani, mpaka udongo mweusi ukaisha na moramu ikaonekana, ule udongo mgumu wa changarawe. Hapo ndipo akamwaga zege. Kisha akamleta Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma, na juu ya mashimo mawili wakasimamisha nguzo za ngazi ya nje. Kabla ya kukata hatua za ngazi alikwenda kumuuliza Mwelu swali la ajabu.

"Mama yako akikaa kwa kiti ya jikoni, goti inafika wapi?"

Mwelu akamwonyesha kwa mkono. Mulinge aliuweka mkono ule akilini, na hatua za ngazi zikatoka fupi na pana, kumi na nane badala ya kumi na tatu, mtu azipande akiwa na ndoo bila kuhema.

Juu, alitoboa mlango kwenye ukuta wa pembetatu wa mashariki, ukafunguka nje, kwenye kibaraza kidogo penye ngazi. Kando ya mlango ndipo alipofanya kazi iliyomfanya Njogu aombe ruhusa ya siku moja shuleni ili asikose kuiona. Mulinge aliendeleza boriti za sakafu zikapita ukuta na kutoka nje hatua mbili ndefu, zikalala juu ya nguzo mbili zilizosimama kwenye yale mashimo mengine. Akazungushia mbao, akatia dirisha, akakiezeka kijumba kile kwa kipaa chake chenyewe. Kilikuwa na kenchi zake ndogo tatu na mabati yake, hata mfereji wa mvua ulikuwa wake, ukimwaga maji kwenye pipa lake. Ukisimama ndani kilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye kabati na meza na mwanga wa asubuhi. Lakini kitanda kilikuwa mle kwenye kijumba, nje kabisa ya ukuta wa nyumba ya Njogu.

Njogu alipitisha kiganja kwenye maungio ya mbao. Alitafuta msumari hakuuona. Yeye alikuwa amefundisha pembe na mistari miaka kumi na nne, na hakuwahi kuwaza kwamba mtu angeweza kuzitumia kumheshimu mama wa mwenzake.

"Fundi," akasema, "hii kitu umeitoa wapi?"

"Nimewaza tu mama yangu," Mulinge akasema, akipuliza vumbi la randa. "Sasa shida iko moja. Msichana akiumwa usiku, mama atajuaje? Mimi nimefanya sakafu haipitishi sauti."

Hilo Njogu alilijibu mwenyewe, na nitampa sifa yake. Siku ya soko la mifugo Kajiado alikwenda kwa mzee mmoja wa Kimaasai aliyeuza kamba na kengele za ng'ombe.

"Sopa, mwalimu. Ng'ombe wako ni wangapi?"

"Sina hata mmoja."

"Sasa kengele ni ya nani?"

"Ya bibi."

Yule mzee alicheka akaita wenzake waje kumwona mwalimu anayemfunga mkewe kengele. Njogu alivumilia. Mulinge aliitundika ile kengele karibu na kitanda cha juu, akapitisha kamba kwenye kitundu cha unene wa kidole hadi mkononi mwa Mwelu.

Jumamosi Kalekye alifika saa nne asubuhi, gunia la ndizi mgongoni na kitu kizito mkononi kilichofungwa kwa kitambaa. Njogu alisimama mbali, karibu na geti. Mama alimsalimia akitazama ndizi. Aliingia ndani akakaa na binti yake kitambo, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni akauliza kile kijumba cha miguu miwili ni cha nini. Hakuna aliyemjibu. Mwelu alikuwa amewakataza kumbembeleza.

Kalekye alizunguka zile nguzo. Alizigonga kwa kifundo cha kidole. Halafu akamgeukia Mulinge akamuuliza kwa Kikamba, na Mulinge, kwa makusudi, akajibu kwa Kiswahili, sauti juu, ili Njogu asikie pale getini.

"Hii mlango inafungukia hewani, mama. Haiingii kwa nyumba ya mtu."

Kalekye akauliza tena.

"Ufunguo ni moja. Hii hapa. Hakuna mwingine."

"Na chini ya kitanda kuna nini?" Safari hii Kalekye aliuliza kwa Kiswahili.

"Udongo, mama. Udongo, halafu moramu. Hakuna mtu."

"Na juu?"

"Juu ni hii kipaa. Haijashikana na ile kubwa. Panda uone, kuna nafasi ya kupitisha mkono, nimefunika na bati tu mvua isiingie."

Kalekye alipanda. Njogu alihesabu hatua zake zote kumi na nane, hazikusimama hata mara moja. Alikaa juu muda mrefu. Wale waliokuwa chini hawakusikia kitu, na hilo halikuwa ajabu, kwa jinsi sakafu ilivyofanywa. Njogu alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili. Kama angekataa, hapakuwa na jambo jingine la kujenga.

Mama akatokea kibarazani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, ni nani alikwambia?"

"Hakuna mtu. Niliuliza tu nani atalala."

Kalekye alishuka, akachukua kile kitu chake kizito, akakifungua kitambaa. Lilikuwa jiko la makaa, lile lake la Rombo. Alikuwa amekuja nalo kwa ajili ya kile chumba cha kukodi, kwa sababu mtu haendi kukaa mahali bila moto wake. Akapanda nalo mpaka kibarazani, akaliweka mahali penye upepo, akalitazama. Kisha akazungumza, uso wake ukielekea milima.

"Mwambie mkwe wangu asante. Mwambie hii ni nyumba. Siku akitaka kunitembelea, atume habari mapema, nipike."

Njogu alikuwa hatua kumi kutoka pale. Mulinge akageuka, akavua kofia, akamfikishia ujumbe wote neno kwa neno kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Mwambie nimesikia," Njogu akasema, machozi yakimtiririka bila haya. "Mwambie nitatuma habari."

Usiku ule Kalekye alilala Kitengela kwa mara ya kwanza.

Alikaa miezi mitano. Njogu alikwenda zamu zake na kurudi, na kila aliporudi alimkuta Mwelu amenenepa. Chumba kile, ambacho aliota kukijenga kwa miaka tisa, hakukitia mguu tena. Alisimama uani na kikombe cha chai ambacho mama alikishusha na kumwachia kando ya kitanda cha Mwelu, akautazama moshi wa jiko ukipanda kando ya kile kipaa. Wageni wakija aliwapeleka nyuma kuwaonyesha. "Mimi siruhusiwi kupanda bila kutuma habari," alikuwa akiwaambia, na kusema kweli hakuwahi kujivunia kitu kama alivyojivunia katazo hilo.

Jumapili moja alasiri, wiki tatu kabla ya wakati, Njogu alikuwa anaosha gari lake. Alisikia kengele ya ng'ombe. Haikulia mara moja, ililia kama kundi zima limetimka. Kabla hajaangusha kitambaa, mlango wa juu ulifunguka kwa kishindo na Kalekye akatokea kibarazani, leso imemwanguka, kichwa wazi.

"Njogu!" akapaza sauti. "Njogu mwanangu! Leta gari!"

Njogu alisimama pale maji yakimwagikia viatu. Miaka tisa hakuwahi kulisikia jina lake likitoka kinywani mwa mama yule. Hakujua hata kama analijua.

"Ndio, mama!" akajibu, na wote wawili wakakimbia.

Mtoto alizaliwa salama jioni ile, msichana, na aliitwa Wacuka kwa jina la mama yake Njogu, kama desturi ya kwao inavyotaka. Nakuambia sasa ili usikae roho mkononi, maana ninachotaka kukuachia ni ile safari ya kwenda hospitali. Kalekye aliketi kiti cha nyuma, kichwa cha binti yake mapajani. Kufika lami aliona leso haiko kichwani. Akavuta kanga ya Mwelu akajifunika, akageuza uso dirishani, na ile haya yake ikarudi mahali pake.

"Mwelu," akasema kwa heshima zote, "mwambie mkwe wangu apunguze mwendo, hapo mbele kuna matuta."

Mwelu alikuwa ameuma meno kwa uchungu, hakuweza kumwambia mtu chochote. Njogu akapunguza mwendo.